Juu ya neno "kushona"

Mwalimu wa Kitanga, katika nchi ya Waha, alifundishapo neno "kushona", huonyesha sindano, uzi na kitambaa. Ni vema, lakini neno hili lapita kitambaa. Mtu wa pwani hushona mkeka, akiunganisha ukili kwa ukili. Fundi hushona viatu, na mganga jeraha. Tena mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu, mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, pasipo misumari ya chuma. Kazi hiyo ni ya kale: kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, Periplus, chataja bandari ya pwani yetu, Rhapta, iliyopewa jina hilo kwa ajili ya vyombo vyake vya kushonwa.

Basi kushona ni kuunganisha vitu kwa uzi au kamba ipitayo tunduni. Shanga hazishonwi, hutungwa. Na hapa mwalimu aangalie sana: kwa Kirundi, lugha iliyo ndugu ya Kiha, "gutunga" ni kuwa na mali. Mtoto aambiwaye atunge shanga aweza kudhani amepewa ziwe zake. Afadhali aonyeshwe kazi kwanza, ndipo aambiwe neno.