Kuingia mara moja tu: kutoka Yale hadi Thika Road

Panda matatu Ruiru hadi Thika uhesabu vyuo: Zetech, JKUAT pale Juja, Mount Kenya. Kila programu ya chuo ikitunza maneno yake ya siri, mwizi ana milango mingi.

Shawn Bayern wa Chuo Kikuu cha Yale aliandika CAS kwa Java. Desemba 2004 ikawa mradi wa JASIG. Hila yake naipenda: programu hailioni kamwe neno la siri. Inakutuma kwa seva ya CAS, unarudi na tiketi ya kutumika mara moja (kama ya basi), kisha programu inaiuliza seva: huyu ni nani? Upande wa Java, unaongeza vichujio katika web.xml.

SAML ya 2002 ilivusha wazo hilo nje ya chuo kimoja. Hapa Kenya, KENET ina shirikisho lake: RAFIKI.