Vanua'aku Pati: Chama Kilichozaliwa na Ardhi

Kabla ya 1980 visiwa vya Vanuatu viliitwa New Hebrides, na tangu 1906 vilitawaliwa na Waingereza na Wafaransa kwa pamoja. Kila mtawala alikuwa na polisi wake, sarafu yake, shule zake. Mwenyeji hakuwa raia wa huku wala wa kule. Kwenye nchi ya babu zake hakuwa na uraia wowote. Na ardhi ilizidi kumponyoka. Juu ya mashamba ya minazi ya walowezi, mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja wafanyabiashara wa Kimarekani, wakakata viwanja vya ufukweni kisiwani Santo na kuwauzia watu wa mbali.

Hapo ndipo, mwaka 1971, kasisi wa Kianglikana Walter Lini na walimu Donald Kalpokas na Peter Taurakoto walipoanzisha chama cha utamaduni, ambacho miezi michache baadaye kiligeuka chama cha siasa. Jina la Vanua'aku Pati kililichukua 1977. Kilienea kupitia makanisa na shule, maana wachungaji na walimu ndio waliosikilizwa vijijini. Lini alivutiwa na siasa ya kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, akahubiri ujamaa wa Kimelanesia: ardhi ni ya jamii, haiuzwi kama gunia la mbata.

Mwaka 1977 chama kilisusia uchaguzi na kutangaza Serikali ya Muda ya Wananchi. Novemba 1979 kikashinda viti 26 kati ya 39. Kiongozi mmoja wa Santo, Jimmy Stevens, aliasi huko, lakini uhuru ulipatikana tarehe 30 Julai 1980, na askari wa Papua New Guinea wakaja kuuzima uasi. Katiba mpya ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya wenyeji kwa mila zao, na ya vizazi vyao. Mgeni atapanga tu. Kwangu mimi, hakuna kazi ya chama hiki inayoishinda hiyo.

Kilichouma ni mwaka 1991. Kalpokas alichukua uwaziri mkuu kutoka kwa Lini, naye Lini akatoka na kuunda chama chake, kura zikagawanyika, na baada ya uchaguzi wa Desemba Lini akaungana na wapinzani wake wa zamani kuunda serikali. Vanua'aku Pati ikajikuta nje. Ilirudi madarakani mara kadhaa, chini ya Edward Natapei na Joe Natuman, na Vanuatu ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, Julai 2020, waziri mkuu alikuwa Bob Loughman wa chama hichohicho.