Kutoka Ua la Kitambaa Hadi Video ya Simu: Sura ya Askari Mstaafu Ilivyogeuka Mkwanja

Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, babu mmoja wa miaka 99 huko Bedfordshire, Uingereza, alianza kutembea kwenye bustani ya nyumbani akisukuma kigari chake cha kutembelea. Amevaa koti safi, medali za vita zimepangwa kifuani. Mpango ulikuwa mdogo tu: azunguke mara 100 kabla hajatimiza miaka 100 mwishoni mwa mwezi, na watu wachange pauni 1,000 kwa ajili ya wahudumu wa hospitali za umma. Siku ya bethidei yake inafika, mchango umeshapita pauni milioni 32. Ndiyo, milioni. Waliochangia walizidi watu milioni moja na nusu, wengi wao hawajawahi kumwona popote isipokuwa kwenye kioo cha simu na televisheni.

Pesa zile hazikwenda kwa maveterani wenzake, zilikwenda hospitalini. Lakini kilichowafanya watu wafungue pochi kilikuwa uaskari wake: zile medali, ule mwendo wa taratibu, na habari kwamba alikuwa Burma kwenye Vita Kuu ya Pili. Mashirika ya kusaidia askari wastaafu yaliijua siri hiyo zamani sana. Ina umri karibu sawa na wa babu mwenyewe.

Ilianza na ua. Novemba 1918, vita vya kwanza vikiwa vinaisha, mwalimu mmoja mwanamke wa Marekani alibandika ua jekundu la mpopi kwenye nguo yake kuwakumbuka waliokufa. Mama mmoja wa Kifaransa akalidaka wazo na kuligeuza mradi: maua ya kitambaa, yauzwe, pesa ziwasaidie wajane na watoto wa maeneo ya Ufaransa yaliyoharibiwa na vita. Mwaka 1921 akavuka nalo mpaka London. Chama cha askari wastaafu wa Uingereza kilikuwa kichanga, hakijamaliza hata mwaka, lakini kikathubutu kuagiza maua milioni 9. Yakaisha yote! Zikapatikana zaidi ya pauni 106,000, na mwaka uliofuata kikafunguliwa kiwanda ambamo maua yalitengenezwa na askari wenyewe waliorudi na ulemavu.

Ujanja wa lile ua ulikuwa huu: ukitumbukiza hela kwenye kopo la mchango, hakuna anayejua. Ukibandika ua kifuani, mtaa mzima unajua. Na asiye nalo anajulikana pia. Yaani miaka mingi kabla ya Facebook, watu walishakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba "mimi nimechangia", na wenzao wakaona aibu kubaki nyuma. Fremu ya picha ya wasifu, bangili ya mpira mkononi, posti ya "leo ni siku yangu ya kuzaliwa, naomba mchangie shirika fulani", vyote ni wajukuu wa ua lile.

Vita vya Iraq na Afghanistan vilipoanza kurudisha vijana waliokatika miguu, mchezo ukahamia mtandaoni. Mwaka 2007 mume na mke wa Uingereza waliotoka kuwaona majeruhi hospitalini walianzisha Help for Heroes, kampeni kubwa ya mwanzo ikiwa ni kujenga bwawa la kuogelea kwenye kituo cha kuwafanyia majeruhi mazoezi. Watu wakaendesha baiskeli na kukimbia, kila mmoja na ukurasa wake wa kuchangiwa. Hapo ndipo kazi ya kushika kopo barabarani ilipohamia kwa marafiki wa marafiki.

Halafu ikaja zamu ya pushapu. Mwaka 2016 mitandao ilijaa video za watu wanapiga pushapu 22 kwa siku 22, mastaa wa Hollywood wakiwemo, kila mmoja akimtaja mwenzake aendeleze. Namba 22 ilisimama badala ya askari wastaafu wa Marekani waliosemekana kujiua kila siku. Nia ilikuwa njema kabisa. Tatizo ni kwamba namba ile ilitoka kwenye ripoti ya serikali ya mwaka 2012 iliyotegemea takwimu za majimbo 21 tu, na makadirio ya baadaye yalishuka mpaka 20, kisha chini ya hapo. Kingine ambacho video hazikusema: ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba karibu 7 kati ya kila 10 waliojiua walikuwa na miaka 50 au zaidi. Wazee wa Vietnam, siyo wale vijana wenye vifua waliojaa kwenye video. Watu walielimishwa, sawa, lakini sura waliyoondoka nayo kichwani ilikuwa nyingine.

Na sura ikishakuwa na bei, matapeli hawakawii. Novemba 2017, mwanamke mmoja wa New Jersey alisimulia mtandaoni jinsi gari lilivyomwishia mafuta usiku Philadelphia, akaokolewa na mwanajeshi wa zamani asiye na makazi aliyempa dola zake 20 za mwisho. Nani asingelia? Watu zaidi ya 14,000 walitoa zaidi ya dola 400,000. Mwaka uliofuata wahusika wakagombana, mambo yakafika mahakamani, ikabainika hadithi nzima ilitungwa na wote watatu. Jamaa kweli aliwahi kuwa mwanajeshi, ila mafuta hayakuwahi kuisha. Waliochangia wakarudishiwa hela, na washtakiwa wakatiwa hatiani.

Hata kwa babu wa bustanini mambo hayakuisha vizuri. Zile milioni zilifika zilikokusudiwa, hilo halina utata. Lakini taasisi iliyoanzishwa baadaye kwa jina lake ilichunguzwa, na ripoti ya Novemba 2024 ikasema familia ilinufaika isivyostahili. Mzee alishafariki tangu Februari 2021, hakuyaona hayo.

Sasa rudi kwenye ile Burma, maana hakuwa peke yake kule. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria, ikiwafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin. Hao ni askari wa Keya: vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Jeshi lilelile, mfalme yuleyule. Wao lipo shirika la kuwahudumia maveterani wa makoloni, nalo liliundwa mwaka 1921 huohuo wa maua, lakini mzee wa Keya kijijini hana ukurasa wa kuchangiwa. Wengi karatasi za utumishi zilishapotea au kuliwa na mchwa, simu ya kupangusa hawana, na hakuna anayekuja na kamera. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza kama pauni milioni 12 kwa maveterani fukara wa Jumuiya ya Madola na wajane wao, lengo likiwa wapate angalau milo miwili kwa siku. Bustani moja ya Bedfordshire ilikusanya zaidi ya mara mbili ya hizo ndani ya wiki nne.

Mwaka 2019 ikafichuliwa nyaraka ya zamani ya serikali kuhusu kiinua mgongo cha askari wa Afrika Mashariki mwishoni mwa vita. Malipo yalipangwa kwa cheo, kwa muda wa utumishi, na kwa rangi ya ngozi. Mzungu wa cheo kilekile alilipwa mpaka mara tatu ya Mwafrika. Baadhi ya wabunge wa Uingereza walitaka uchunguzi. Wazee waliohojiwa wakati huo walikuwa wameshavuka miaka 90.