Msaada wa serikali za mitaa baada ya dhoruba (Kimali na mkoa wa Simiyu)

Kimali ni kata ya wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, katika ukanda mkavu wa kusini mwa Ziwa Viktoria. Makao makuu ya wilaya yako Mwanhuzi, na ya mkoa yako Bariadi. Wakazi wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba, mtama, mahindi na dengu, na wafugaji wa ng'ombe. Mvua hunyesha kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 4 au wa 5. Ni haba kwa jumla, lakini mara nyingi huja kwa kishindo: wingu zito la alasiri, upepo wa ghafla, pengine na mawe, na katika muda mfupi kitongoji kimeezuliwa mapaa.

Madhara hutegemea sana nyumba yenyewe. Nyingi hujengwa kwa tofali mbichi zilizounganishwa kwa udongo, bila mkanda wa zege juu ya kuta, na kuezekwa kwa bati jepesi. Upepo ukiingia chini ya bati, kenchi hung'oka pamoja na misumari yake. Ukuta ulioachwa wazi hulowa na kuanguka, wakati mwingine juu ya waliolala.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Mwakata, wilayani Kahama, usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2015. Mvua ya mawe na upepo viliua watu zaidi ya 40, wengi wao wakifukiwa na kuta za nyumba zao, na kuacha mamia ya familia bila makazi. Mwakata iko mkoa wa Shinyanga, mkoa uleule ambao Meatu ilikuwa sehemu yake hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012. Ujenzi wa nyumba hautofautiani sana. Siku chache baadaye Rais Jakaya Kikwete alifika kuwafariji wafiwa, na chakula, mahema na mablanketi vikakusanywa. Kwa nyanda za Usukuma, hakuna tukio linaloonyesha vizuri zaidi kwamba dhoruba ni janga la kuhesabiwa pamoja na ukame na njaa.

Msaada huanzia chini kabisa. Majirani na sungusungu huitika yowe, hufukua, na kuwagawa watoto katika nyumba zilizosimama. Mwenyekiti wa kitongoji hupita kaya kwa kaya, na mtendaji wa kijiji huandika orodha: nyumba zilizoanguka, zilizoezuliwa, chakula kilicholowa, mifugo iliyokufa. Orodha hiyo hupanda kwa mtendaji wa kata, kisha wilayani, ambako mkuu wa wilaya huongoza kamati ya maafa. Karatasi hiyo ina uzito mkubwa, kwani mjane aliyehamia kwa ndugu kijiji cha pili kabla ya kuandikwa anaweza kukosa mgawo wote. Kuisoma hadharani kwenye mkutano wa kijiji ni kinga bora kuliko ukaguzi wa baadaye.

Mfumo huu umewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015. Inatambua kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa, pamoja na mfuko wa taifa wa maafa. Mahitaji yakizidi uwezo wa wilaya, mkoa huomba msaada Ofisi ya Waziri Mkuu. Mahindi yanaweza kutoka Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Chama cha Msalaba Mwekundu nacho hushiriki.

Suala gumu ni makazi. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, Rais John Magufuli alisema wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Kipaumbele kilikuwa shule, zahanati na barabara. Baada ya maporomoko ya tope ya Hanang, Desemba 2023, serikali na wadau wake walijenga nyumba zaidi ya 100 kwa waathirika. Kwa hiyo kiasi cha msaada hubadilika kati ya janga na janga, na kaya iliyoezuliwa na upepo katika kata ya mbali, bila vifo vya kutikisa taifa, kwa kawaida hujijengea.

Halmashauri nayo hubanwa. Sehemu ya mapato yake ya ndani ni ushuru wa mazao, na Meatu pamba ndiyo zao kuu la biashara. Mawe yakiangukia pamba inayofunga vitumba mwezi wa 3, mkulima hupoteza fedha za kununulia bati, na halmashauri hupoteza ushuru ambao ungenunua bati hizo. Ndiyo sababu wilaya za aina hii haziwezi kuachiwa mzigo huu peke yazo. Hata hivyo kuna jambo lililo ndani ya uwezo wa halmashauri hata mwaka wa pamba mbaya: kumtuma mhandisi wake vijijini akae na mafundi wa hapo kabla kuta hazijainuliwa upya, awaonyeshe jinsi ya kufunga kenchi kwa waya uliozamishwa ukutani.