Pumzi ya Fukusi

Miaka ya 1960, Kenya ilijenga maghala ya ajabu Nakuru na Kitale. Ya saruji, nusu yamezikwa ardhini. Mtindo wenyewe ulitoka kisiwa cha Kupro. Humo mliwekwa mahindi ya akiba ya njaa, kisha kila mwanya ukazibwa hewa isipite.

Dawa? Hakuna. Fukusi aliyeingia na mahindi anapumua, anamaliza oksijeni iliyomo na kuacha kabonidioksaidi. Hewa ikibadilika vya kutosha, anakufa. Yaani anajimaliza mwenyewe! Ila ufa mmoja tu, kazi yote bure.

Sasa, akiba ile ilikuwa ya taifa. Mama wa Njoro mwenye magunia kumi alibaki na jivu, baadaye dawa ya unga. Kisha dumuzi akaonekana Taveta mnamo 1983, mdudu mbaya kuliko fukusi. Wengi waliona heri kuuza Desemba kwa bei ya kutupa, halafu Juni wananunua mahindi yale yale kwa bei ya kuumiza. Hapo ndipo njaa ilipoanzia, si shambani.

Suluhisho la nyumbani lilitoka mbali: watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, wakihangaikia kunde za Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, walitia mfuko wa plastiki ndani ya mwingine, kisha ndani ya gunia. Ghala la Kupro, la kilo 90.

Shangazi yangu Rongai anayo matano. Anakausha mahindi sawasawa kwanza, anafunga mdomo kwa mpira, na hatuguswi na fukusi tena. Siku hizi anagombana na panya.