Picha hii imepigwa wapi?

Kuna mchezo umewanasa vijana wengi wa mjini. Unapewa picha moja tu: barabara, nguzo ya umeme, kibao kilichofifia. Swali ni moja: imepigwa wapi, na lini? Kudukua ni marufuku. Unatumia vilivyo wazi kwa kila mtu, yaani ramani, picha za setilaiti, magazeti na vivuli vya jua. Wasioujua wanasema ni kumaliza bando bure. Mimi nawabishia, na ushahidi wangu ni historia.

Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, BBC iliwaomba wasikilizaji wake Uingereza wapeleke kadi za posta na picha walizopiga kwenye fukwe za Ulaya kabla ya vita. Zikamiminika kwa mamilioni. Watu wakakaa kuzichambua: mchanga huu utabeba gari zito? Ule ukuta una urefu gani? Picha ya familia ikipunga upepo ikawa msaada wa kupanga kutua kwa majeshi Normandy, Juni 1944.

Wakati ule kazi hii ilihitaji serikali. Mwaka 2005 ikaja Google Earth, na mtu yeyote mwenye kompyuta akaweza kuiangalia dunia kutoka juu. Mwaka 2013 ukazaliwa mchezo wa GeoGuessr, na mwaka 2014 Eliot Higgins akaanzisha Bellingcat, kundi linalochunguza vita na uhalifu kwa njia hizi hizi.

Sasa tuje Afrika. Julai 2018 ilisambaa video ya kutisha: askari wanawaongoza wanawake wawili na watoto wawili, mmoja mgongoni mwa mama yake, kisha wanawapiga risasi. Serikali ya Cameroon ikasema ni uzushi. Waandishi wa BBC Africa Eye na wenzao hawakubishana naye mtu. Walitazama mstari wa milima nyuma ya askari, wakaulinganisha na Google Earth hadi ukakubali: ni karibu na Zelevet, kaskazini kabisa mwa Cameroon. Majengo yaliyokuwepo na yasiyokuwepo kwenye picha za setilaiti, njia ya miguu inayoonekana kiangazi tu, na vivuli vya askari, vikawapa tarehe: kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Baada ya hapo ndipo wakauliza ni akina nani. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja.

Lakini msishangilie mapema. Aprili 2013, baada ya mabomu ya mbio za Boston kule Marekani, maelfu ya watu mtandaoni walijifanya wapelelezi. Wao walianza na sura. Wakamnyooshea kidole mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepotea, na familia yake, iliyokuwa inamtafuta kwa machozi, ikamiminiwa matusi. Hakuhusika hata chembe. Baadaye alikutwa amekufa.

Mnaiona tofauti? Zana ni zile zile, picha na watu wengi wenye muda. Wa Cameroon walianza na mlima, wa Boston wakaanza na mtu. Ukikosea mlima, unarudi kwenye ramani na kujaribu tena. Ukikosea mtu, umeshamharibia maisha yake na ya mama yake.

Kwa hiyo chezeni, wala msione haya. Ila siku ukitumiwa kwenye simu picha ya "mwizi wa watoto aliyekamatwa leo", fanya kama kwenye mchezo: picha hii imepigwa wapi, na lini? Kama huna jibu la hayo mawili, jina la mtu liache midomoni mwao. Wewe usilisambaze.