Taa Isikae Puani

Vijana wenzangu wa kalamu, wavuvi wa hapa Mbaha wanaijua taa tangu zamani. Usiku wa giza walivua usipa kwa karabai, na siku hizi taa za betri zimeingia. Kwa hiyo nilipoazimwa kamera ya kupigia picha ndani ya maji, nikajiona fundi tayari. Nikazama penye mawe ya mbuna, nikabonyeza. Lo! Picha imejaa madoa meupe kama mtu kamwaga unga. Samaki haonekani.

Nikaanza kusoma, nikakuta suala la taa majini lina historia ndefu. Mwaka 1893 Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari huko Banyuls. Fundi umeme Chauffour alimtengenezea balbu ya kioo yenye oksijeni na magnesiamu, lakini ilipasuka ovyo. Ikabidi litumike pipa lenye hewa, juu yake taa ya spiriti, na mpira wa kubinya wa kupulizia unga wa magnesiamu kwenye moto. Mwaka 1926, kule Florida, Wamarekani William Longley na Charles Martin waliwasha unga huo juu ya chelezo, wakapata picha za rangi za samaki. Unga huohuo ulimlipukia Longley akaungua. Miaka ya 1930 Harold Edgerton wa chuo cha MIT akatengeneza flashi ya umeme, na kuanzia 1953 akafanya kazi na Jacques Cousteau.

Sasa, yale madoa yangu? Flashi ikikaa ubavuni mwa lenzi, humulika kwanza vumbi lililo mbele yake, nalo vumbi hurudisha mwanga moja kwa moja kwenye lenzi. Ndiyo maana wapigapicha huitoa flashi nje, wakaifunga kwenye mkono wa chuma, kisha wakaigeuza nje kidogo ili ukingo tu wa mwanga umguse samaki. Na hawasimami mbali naye, maana maji humeza rangi nyekundu mapema.

Mimi mkono wa chuma sina. Mjomba akacheka: "Mpwa wangu, karabai umeona tunaifunga puani?"

Tukaziba flashi ya kamera kwa utepe mweusi. Tochi ya kuzamia tukaifunga kwenye ufito wa mwanzi. Usiku nikazama tena. Madoa yalibaki machache, lakini samaki alionekana, na milia yake yote.

Mwaka 1990 Mholanzi Ad Konings alitoa kitabu kikubwa cha samaki wa ziwa letu. Namheshimu, amezama sana. Lakini wengi wa samaki hawa hawapo penginepo duniani, na sisi tuliozaliwa hapa tunawafahamu wakiwa wamekufa tu. Mdogo wangu alipoiona picha yangu aliuliza:

"Kaka, huyu anatoka nchi gani?"

Anaishi hatua chache toka tunapoogea.